Mlango wa Mbele wa Bwana Lambrecht

Kwa miaka kumi na saba Floribert Mumba alikuwa mpishi wa mhandisi Godefroid Lambrecht, na kwa miaka hiyo yote alisikia kutoka kwake maneno manne tu ya Kiswahili: leta, pika, ngoja, toka. Msidhani natia chumvi. Mbelgiji huyo alifika Lubumbashi akiwa kijana, akazeekea hapo hapo penye moshi wa shaba, lakini Kiswahili chake kiliishia jikoni, tena kwenye kuamuru. Salamu hakuwa nayo. Asante ndiyo kabisa, haikuwahi kumtoka mdomoni.

Basi fikirieni hali ya Floribert, mzee wa miaka hamsini na minane, shemasi wa kanisa, mtu aliyestaafu na kujipatia haki ya kukaa nje ya nyumba yake kule Katuba akinywa togwa ya munkoyo taratibu, siku mke wake Albertine alipokuja kuketi mbele yake na kumwambia kwamba moto lazima uwashwe kwa ajili ya nyumba ya Lambrecht.

"Mi siwezi kupikia ule muntu tena," alisema Floribert. "Hata bukari, hata maji ya moto."

"Haiko weye utapika. Ni shiye banamuke. Weye unatoa tu ruhusa."

"Ruhusa sina."

Akamalizia munkoyo wake kwa mkupuo mmoja, ishara kwamba baraza limefungwa. Albertine hakuondoka. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na alijua kwamba akisema hapana kwa sauti kubwa bado kuna nafasi. Hapana ya kuogopwa ni ile anayoisema polepole.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yao Chileshe, muuguzi, alikuwa anaolewa na Jeannot, mwana wa Lambrecht. Na kwa Wabemba mkwe hali chakula kwa wakwe zake mpaka aonyeshwe moto. Wanawake wa upande wa binti hupika vyakula vyote vya kwao, wakavifunika, wakavibeba kichwani kwa nyimbo mpaka kwa bwana arusi. Huko hufunua sufuria moja moja na kusema: hiki ndicho tunachokula sisi, ukija kwetu usione haya, ule. Huitwa chilanga mulilo, yaani kuonyesha moto. Bila moto huo pasteri anaweza kufungisha ndoa na serikali inaweza kupiga muhuri wake, lakini shangazi za binti hawamwachii. Nao hawawashi moto kabla baba yake hajasema ndiyo.

Na baba yake alikuwa amesema hapana. Ngojeni niwaambie kwa nini, msije mkamwona ni mkorofi.

Nyuma ya villa ya Lambrecht, mtaa wa Golf, palikuwa na vyumba viwili vya watumishi. Humo ndimo Floribert na Albertine walimoishi siku zile za Wabelgiji. Bibi Lambrecht alikuwa mgonjwa, siku nyingi akishinda kitandani, kwa hiyo Jeannot alilelewa na mgongo wa Albertine kabla mgongo huo haujambeba Chileshe. Mtoto yule alipoanza kutembea, alijua njia moja: kutoka kwenye meza ya baba yake, kupitia jikoni, mpaka uani kwa mpishi, ambako aliketi chini na kula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono. Alikula kwa raha, anapakaa mpaka masikio.

Siku moja ya mwaka wa hamsini na saba Lambrecht alirudi mapema kutoka kazini akamkuta hapo. Jeannot alikuwa na miaka minane. Baba yake hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamburuta mpaka kwenye bomba la uani, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akamsugua midomo, meno na ulimi mpaka mtoto akatapika. Floribert alisimama hatua tatu kutoka pale akitazama chakula cha mkono wake kikioshwa kutoka kinywani mwa mtoto kana kwamba ni sumu. Kisha Lambrecht alinyoosha mkono kuomba kitabu cha kazi. Wakati ule kila mtumishi alikuwa na kitabu kidogo, na bwana akimwacha aliandika humo tabia yake ili bwana mwingine aisome. Lambrecht akaandika neno moja la Kifaransa, akatia sahihi, akasema, "Toka."

Neno lile maana yake ni mchafu.

Mpishi kuitwa mchafu! Angemwita mwizi ingekuwa nafuu, maana wezi wengi walipata kazi mjini. Kwa miaka miwili Floribert alibisha hodi kwenye majiko ya watu, akakifungua kitabu, kikasomwa, akarudishiwa kitabu chake. Albertine ndiye aliyewalisha, akiuza sokoni chikanda alichokanda kwa mizizi ya porini na karanga. Mwishowe jiko la misheni ya Waprotestanti lilimpokea Floribert kwa sababu pasteri wa pale hakuomba kitabu. Aliomba kijiko, akaonja supu. Huko ndiko Floribert alikoanza kuomba Mungu kwa moyo wake wote, na moyo wake wote ulikuwa wa Mungu isipokuwa kona moja. Kitabu kile alikihifadhi chini kabisa ya sanduku. Albertine alimwomba akichome, si mara moja wala mbili. Hakukichoma.

Jeannot hakuwa tatizo. Jeannot alipelekwa Ulaya kusoma, akarudi mwaka wa sabini na mbili kufundisha hesabu, akaja Katuba kumtafuta mama aliyembeba mgongoni, akaingia kwaya ya kanisa, akasimama karibu na Chileshe, na mambo ya kwaya mnayajua wenyewe. Tatizo lilikuwa baba yake, ambaye alibaki peke yake ndani ya villa yake baada ya mkewe kufa na Wazungu wenzake kufunga mizigo. Alipoelezwa habari ya harusi alimwambia mwanawe kwamba hatakanyaga. Alisema hawezi kukaa meza moja na watu wa mpishi wake.

Jeannot alileta maneno hayo Katuba kichwa kimeinama. "Mama, mulete moto kwangu, ku nyumba ya balimu," alimwambia Albertine. "Papa tumuache."

Lakini aliyekuwa akisubiri kujibu ni Mama Mwansa, dada mkubwa wa Floribert, shangazi wa Chileshe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha treni. "Weye Jeannot, moto yetu ulishaijua tangu ungali mutoto," alisema. "Tukuonyeshe nini tena? Mwenye hajaonyeshwa ni baba yako. Moto itaenda kule kule Golf, ama haiendi fasi yoyote."

Ndipo Floribert aliposema ile hapana yake. Usiku ule ule Chileshe alimpelekea baba yake maji ya kuoga, akayaweka chini, akabaki amesimama. "Papa, kama roho yako haitaki, mi siolewi," alisema. "Siwezi kuanza nyumba na kilio yako ndani." Hakuwa anamtisha. Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ulimuumiza Floribert kuliko vitisho vyote. Alijiona anamfanyia mwanawe kile alichofanyiwa yeye, kumfungia mlango kwa kosa ambalo si lake. Hata hivyo ruhusa hakuitoa.

Jumapili ikafika. Pasteri Kalaba alihubiri juu ya neno la mtume, lile la adui mwenye njaa: kwamba mtu anayekuchukia akiwa na njaa umpe kula, akiwa na kiu umpe kunywa, na ukifanya hivyo unamrundikia makaa ya moto kichwani. Floribert, aliyekuwa amejiinamia kwenye benchi la mashemasi, aliinua kichwa. Kusamehe alikuwa amekusikia miaka mingi na hakukuona utamu wake. Lakini makaa kichwani! Hapo neno lilikuwa na chumvi.

Watu walipotoka alimvuta pasteri pembeni. "Pasteri, ile makaa inachoma kweli?"

Kalaba alimtazama usoni. Alimjua. "Inachoma, Papa Mumba. Inachoma mwenye anapelekewa, na mwenye anaibeba pia. Uchunge."

Floribert alisikia nusu ya kwanza, ya pili akaiacha pale pale kwenye ngazi za kanisa. Alifika nyumbani anatembea haraka kama kijana. "Ruhusa natoa," alitangaza. "Lakini bukari napika miye."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Mwansa alifuta machozi. "Mwanaume mu chilanga mulilo! Hiyo hatujaona tangu tuzaliwe."

"Yaya, miye ni mpishi. Mutaona."

Wakamkubalia, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imepatikana na hawakutaka kuipoteza kwa ajili ya sufuria moja. Wala hakuna aliyemwona Jumamosi asubuhi alipofungua sanduku, akatoa kile kitabu kidogo na kukitia katika mfuko wa ndani wa koti lake la abakosti. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angengoja mpaka yule mzee atie tonge mdomoni mbele ya watu wote, kisha angekifungua kitabu, alisome lile neno kwa Kifaransa, alirudie kwa Kiswahili, amwambie: hicho unachokimeza ni cha mchafu. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma ya shemasi wetu.

Walipika tangu kupambazuka. Sombe iliyotwangwa laini, samaki wa kukaushwa katika mchuzi wa karanga, viwavi wa porini waliokaangwa mpaka wanalia wakitafunwa, kuku mzima asiyekosa kiungo, chikanda cha Albertine. Mwisho kabisa Floribert alivua koti, akaukunja mkono wa shati, akashika mwiko. Wale waliokuwa wakimcheka wakanyamaza. Unga ulikuwa unamtii. Aliigeuza bukari, akaibana ukutani mwa sufuria, akaigeuza tena, jasho likimtiririka, na ilipoiva ilikuwa nyeupe na laini bila donge hata moja. Aliifunika kwa kitambaa safi kabisa. Kwa ajili ya neno lile moja alikuwa hajawahi kutoka jikoni na doa miaka kumi na minane.

Jirani yao Abibu, Mwislamu wa ukoo wa Maniema aliyefanya biashara ya mahindi, alitoa lori lake na akaliendesha mwenyewe. "Bakristo banapelekea Muzungu bukari," alisema akicheka. "Hiyo siwezi kuambiwa na bantu, napashwa kuiona."

Aliwashusha penye kona ya kwanza ya Golf ili waingie kwa miguu kama inavyotakiwa. Wanawake arobaini katika kitenge cha aina moja walipanga mstari, sufuria kichwani, Mama Mwansa akaanzisha wimbo na wengine wakaupokea kwa vigelegele. Walinzi walitoka kwenye mageti. Wake za wakubwa wapya waliohamia katika nyumba za Wazungu walisimama kwenye baraza zao, wengine wakaanza kupiga makofi. Floribert aliwatangulia, bukari kifuani, kwa kuwa ni yeye aliyeijua njia.

Aliijua sana. Miguu yake iliiacha barabara penye mti wa jakaranda, ikapita kando ya ua wa maua, ikaruka mfereji, ikapita shimo la takataka, ikasimama mbele ya geti dogo la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika komeo na kuliinua kidogo, maana lile komeo bila kuinuliwa lilikuwa halifunguki, ndipo aliposikia kwamba nyimbo zimekatika.

"Mumba," Mama Mwansa aliita kutoka nyuma. "Tuko wapi hapa?"

"Ku mulango."

"Mulango ya nani?"

Floribert alilitazama geti. Ni lile la mkaa, la maziwa, la nguo chafu na la watumishi. Aliona aibu iliyomshuka kutoka kichwani mpaka magotini. Miaka kumi na minane tangu afukuzwe, nchi imepata uhuru, imebadili jina, bendera na hata majina ya watu, naye amevaa abakosti mpya, na bado ameiongoza harusi ya mtoto wake mpaka kwenye shimo la takataka! Wala Lambrecht hakuwepo pale kumwambia apite huko. Alikuja mwenyewe. Kile kitabu alichokificha sandukuni ili asisahau ubaya wa mwenzake kilikuwa kimemfundisha njia hii hii moja, na leo kilikuwa mfukoni kikimwongoza.

Machozi yalimtoka, na mikono ilikuwa na sufuria, hivyo hakuweza kuyafuta. Albertine alikuja akamfuta kwa ncha ya kitenge chake.

Aliyesema ni Mama Mwansa. "Bantu ya harusi haipitake kwa mulango ya takataka. Mugeuke bote! Na muimbe nguvu!"

Wakageuka. Waliimba sasa hata mbwa wa mtaa wakanyamaza. Walirudi kando ya ua, wakaingia kwa geti kubwa, wakapanda ngazi tatu mpaka kwenye mlango wa mbele, ule wa mbao nzito wenye mabamba mawili. Floribert aliujua kila mshipa wa mbao zake. Aliupaka nta kila Jumamosi kwa miaka kumi na saba, ndani na nje, akiwa amepiga magoti, lakini kuupita hakuupita hata siku moja. Alibisha hodi.

Lambrecht alifungua mwenyewe, bamba moja tu. Lo, alikuwa amekonda! Shati lilikuwa limefungwa vifungo kwa kukosea, miguuni ana ndara. Nyuma yake alisimama Jeannot, macho mekundu. Mzee aliangalia wanawake, sufuria, kisha Floribert.

"Ngoja," alisema. Akafunga mlango.

Mnong'ono ulipita katika mstari mzima. "Amefunga! Amefungia bukwe!" Floribert alihisi kitabu kikimchoma kifuani. Kumbe ndiyo haya, alifikiri, na hata nafasi ya kukisoma sipati. Ndani kulisikika chuma kikigongwa, kikigongwa tena, halafu mlango ukafunguliwa mabamba yote mawili, na Lambrecht alikuwa anahema. Alikuwa amekwenda kung'oa komeo la bamba la pili, ambalo lilikuwa limeshika kutu, kwa sababu wanawake wenye sufuria kichwani wasingepita kwa bamba moja.

Baadaye Jeannot alieleza kilichotokea asubuhi ile. Hakumsihi baba yake juu ya harusi. Alimwambia tu jambo ambalo hakuwahi kumwambia, kwamba mpaka leo, kila anapokula mezani kwake, anasikia ladha ya sabuni. Mzee alikaa pale pale mpaka aliposikia nyimbo zikienda upande wa nyuma, zikanyamaza, zikarudi.

Waliingia, Floribert wa kwanza. Jicho la mpishi haliwezi kujizuia: liliona vumbi juu ya kabati, likaona meza kubwa ya watu kumi na mbili, na mwisho wa meza hiyo kopo la sadini lililofunguliwa, uma umesimama ndani yake, na kipande cha mkate mkavu. Kando yake makopo mengine matupu. Huyu mtu hakuwa amekula chakula cha moto kwa siku nyingi sana. Huyu mtu alikuwa na njaa, njaa ya kweli ya tumboni, na Floribert aliyekuja na makaa yake aliona yanamzimikia mkononi. Alijaribu kuyapuliza. Alikumbuka bomba, akakumbuka sabuni. Lakini mpishi akishaona mwenye njaa, mawazo yake yote huhamia kwenye sahani.

Mama Mwansa alifunua sufuria moja moja na kutangaza kwa sauti yake ile. "Hii njo sombe. Hii njo bilolo ya pori, usiogope, haiume. Ukifika kwetu Katuba utakuta hii, na utakula, juu weye sasa ni bukwe." Jeannot alitafsiri, ingawa nadhani mzee alielewa zaidi ya alivyopenda ijulikane. Ikabaki sufuria ya mwisho. Floribert alifunua bukari mwenyewe na mvuke ukapanda katikati yao wawili.

Lambrecht aliitazama, akanyoosha vidole, akavirudisha. Kisha aliinuka, akaenda jikoni bila neno, na wanawake wakaanza kuangaliana. Alirudi na beseni, jagi la maji, taulo begani jinsi Floribert alivyokuwa akilibeba zamani, na kipande cha sabuni. Akaja kusimama mbele ya mpishi wake.

"Leta," alisema. Akaonyesha kwa kidevu. "Leta mikono."

Floribert alinyoosha mikono yake na Lambrecht akaimiminia maji, akaitia sabuni, akaiosha taratibu, kidole kwa kidole. Alianza kusema kwa Kifaransa. Jeannot alipofungua kinywa kutafsiri, mzee alimkataza kwa kichwa na akaanza kutafuta maneno mwenyewe, moja moja, kama mtu anayeokota punje sakafuni.

"Floribert. Ile siku. Sabuni." Akaiinua sabuni. "Muchafu, haiko weye. Ni miye."

Floribert alifuta mikono, akaingiza mmoja ndani ya koti, akatoa kitabu. Lambrecht alikitambua.

"Nilikileta nikusomee mbele ya bantu bote, ukiwa na bukari mu kinywa," alisema Floribert. "Nilitaka haya ikuue. Nami sikuja na roho ya muzuri, Mungu ananiona."

Mzee aliweka beseni chini, akasimama wima, mikono pembeni. "Soma," alisema.

Angeweza kusoma. Watu wote walikuwa wakisubiri, na aliyeandika alikuwa amekubali. Floribert alikifungua kitabu, akaliona lile neno na sahihi chini yake, wino umefifia. Halafu akatazama mezani.

"Hapana," alisema. "Bukari itapoa."

Kicheko kilianzia kwa Albertine, kikamrukia Mama Mwansa, na kutoka hapo hakuna aliyeweza kukizuia. Vigelegele vilitikisa vioo vya madirisha na Abibu aliyekuwa amesimama mlangoni alipiga makofi kuliko wote. Albertine alimpokonya mumewe kitabu, akakitia chini ya sufuria ya bukari ili meza ya watu isiungue. Kilifaa kabisa kwa kazi hiyo. Floribert alichukua jagi, akammiminia maji Lambrecht, naye akamwosha vidole, kidole kwa kidole. Kisha alimwonyesha jinsi ya kukata tonge, kulifinyanga, kulitia shimo kwa kidole gumba na kuchotea mboga. Tonge la kwanza lilimwangukia mzee shatini. La pili alilifikisha mdomoni. Alitafuna, akafumba macho, akakata la tatu bila kuambiwa, na Jeannot aliyekuwa anakula sahani ile ile upande wa pili alicheka na kulia kwa pamoja, amepakaa sombe mpaka shavuni.

Walikula wote watatu kutoka sahani moja, mzee, mwanawe na mpishi, mpaka sufuria ikaonyesha matako. Chileshe hakuwepo, bibi arusi haendi kuonyesha moto wake mwenyewe, lakini Mama Mwansa alikuwa amekwisha kutuma mtu Katuba kumwambia aanze kushona gauni.

Na hapo, baada ya tonge la mwisho, Floribert aliinuka. Hakufikiri. Alikusanya sahani, akaweka uma juu, akapanga bakuli ndogo ndani ya kubwa, akageukia jikoni kama alivyogeuka kila mchana kwa miaka kumi na saba. Hatua ya kwanza haikukamilika. Mkono uliokonda, bado una bukari kwenye kucha, ulimshika kifundo cha mkono.

Lambrecht alichukua sahani zile kutoka kwake, akaziweka mezani. Akavuta kiti cha kichwa cha meza, kile alichokalia yeye tangu nyumba ijengwe, akatafuta katika Kiswahili chake cha kuamuru neno ambalo hakuwahi kumwamuru mtu mweusi, akalipata.

"Ikala," alisema.

Floribert akaketi.